Waya wa Nne

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva, na aliyelibandika, Deusdedit, hakuthubutu kumtazama Nyamizi usoni. Alijikohoza, akaondoka kama mtu aliyeitwa mahali. Tangazo lilisema kuwa kuanzia tarehe mosi Aprili, yeyote asiye na cheti cha kusanidi seva na mitandao hataingia chumba hicho, na ufunguo wake ataukabidhi kwa msimamizi. Msimamizi ni Deusdedit mwenyewe. Na katika kambi nzima ile ya mgodi, nje kidogo ya Kahama, mwenye ufunguo asiye na cheti alikuwa mmoja tu. Afadhali wangemtaja kwa jina, tungejua moja.

Nyamizi, ambaye majirani zake wa Nyahanga humwita Mama Asteria, aliingia kambini miaka tisa nyuma akiwa na ndoo na tambara la kudekia. Alizaliwa Songwa, akamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mpaka leo hataki kuyataja, akaja Kahama akapata kazi ya usafi. Siku moja walikuja mafundi wa kutandaza nyaya, wote wana vitambi, hakuna hata mmoja aliyeweza kupenya juu ya dari. Wakamtazama yule mwanamke mwembamba mwenye ndoo. Akapanda. Aliposhuka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, alikuwa ameshajua waya upi unatoka wapi na unakwenda wapi, na mafundi bado wanabishana na ramani yao. Tangu siku hiyo ndoo alipewa mtu mwingine.

Miaka tisa yote mtandao ukikatika, hakuna aliyewahi kuuliza cheti. Waliuliza tu, "Mama Asteria yuko wapi?" Sasa wanataka karatasi. Nyamizi alisoma lile tangazo mara mbili, akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa hasira dakika mbili tatu. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga na kurudi kazini. Karatasi wataipata.

Kituo cha mafunzo kilikuwa jengo la vyumba vitatu nyuma ya maghala ya mchele. Mwenye kituo, Herman, alikuwa kijana wa mashati yaliyopigwa pasi na maneno yasiyopigwa.

"Shikamoo mama. Kozi ya ushonaji ni jengo la pili."

"Marahaba. Nimefuata seva."

Herman alicheka, akaona mwenzake hacheki. "Mama, hapa vitabu ni vya Kiingereza. Na wenzako wote wametoka chuo juzi."

"Watanizoea."

Walimzoea kweli, maana hawakuwa na jinsi. Kila Jumamosi na Jumapili, miezi minne, alikaa mbele kabisa na daftari lake nene, maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili alichojitafutia upande wa kulia. Jaribio la kwanza alipata kumi na tisa kwa mia. Kahama imekuwa mji mkubwa, lakini habari ya mtu kushindwa bado inafika kambini kabla ya mwenyewe. Deusdedit alimfuata kwa sauti ya huruma, ile inayoudhi kuliko tusi.

"Mama Asteria, nimekuombea nafasi getini. Kazi nyepesi, kivuli kizuri."

"Kivuli hicho kakikalie wewe," akasema Nyamizi. Jaribio la pili alipata hamsini na nne, la tatu sabini.

Mtihani wa vitendo ulifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu. Mtahini, mzee mmoja mfupi jina lake Marcel, alitoka Mwanza na alitaka kurudi Mwanza jioni ileile. Watahiniwa walikuwa saba, na kabati la mtihani, lenye seva ndani, lilikuwa moja, kwa hiyo waliingia mmoja mmoja, kila mtu dakika arobaini. Kazi yenyewe ilikuwa kuisanidi seva kuanzia sifuri ili igawe anwani kwa kompyuta mbili zilizo pembeni yake. Kompyuta bila anwani yake haipati chochote kwenye mtandao, kama nyumba isiyo na namba ya kiwanja. Asubuhi hiyo Herman alichomoa kwa mkono wake waya unaoleta intaneti kutoka ofisini kwake, ili mtu asije akachungulia majibu.

Wanne walikuwa wameshamaliza pale wingu lilipopanda upande wa Geita. Radi za huku hazina mzaha, na watu hawangoji ngurumo ya pili. Kila mtu huchomoa. Televisheni, friji, chaja ya simu, waya wa antena, kila chenye mkia ukutani kinatolewa, na mwenye nyumba anakaa katikati ya chumba ameshika mikono. Herman alikimbia vyumba vyote vitatu akichomoa. Mvua ilinyesha saa nzima. Ilipokatika akapita tena akichomeka, mbiombio, huku Marcel akimwonyesha saa ya mkononi.

Akaingia Mwigulu, kijana mwerevu wa maneno, akatoka baada ya dakika ishirini anatabasamu. Akafuata Loveness, yeye dakika kumi na tano.

"Mayu," Mwigulu alimnong'oneza Nyamizi barazani, akimwita mama kwa Kisukuma, "kompyuta zinagoma kupokea anwani za seva. Wala usihangaike. Mzee ana haraka, anakwambia uziandike kwa mkono, anatia tiki, umemaliza."

Nyamizi aliingia. Aliipa seva anwani yake, akapanga fungu la anwani za kugawa, zote zinazoanza na kumi, kama karatasi ya mtihani ilivyotaka, akakagua kila mstari mara mbili. Akageukia kompyuta ya kwanza. Ilikuwa na anwani, ndiyo, lakini ilianza na mia moja tisini na mbili. Ya pili vilevile.

"Mvua imevuruga mambo," alisema Marcel bila kuinua kichwa. "Ziandike kwa mkono tu, mama, kama wenzako."

Tusimpambe Nyamizi kuliko alivyo. Mkono ulikwenda kwenye kibodi. Alikitaka kile cheti kwelikweli, na kati yake na ufunguo wake palikuwa na tarakimu chache za kubonyeza. Halafu hasira ikampanda. Seva yake haikuwa na kosa hata moja, na hapa anaambiwa aifunike kama chungu kilichoungua.

"Mwalimu, kuna mwingine anagawa anwani humu ndani," akasema. "Kule kwetu Nyahanga wenyeviti wawili wakigawa viwanja mtaa mmoja, watu hushikiana mapanga."

"Andika kwa mkono, mama."

Nyamizi alikwenda nyuma ya kabati. Kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya, alitarajia nyaya tatu, mmoja wa seva na mbili za kompyuta. Zilikuwa nne. Wa nne ulitokomea kwenye tundu la ukutani, kuelekea ofisini, kwenye kifaa cha intaneti kinachogawa anwani zake chenyewe.

"Usiguse!" Marcel alisimama. "Kanuni ya sita. Mtahiniwa akichomoa waya uliofungwa na kituo, ameshindwa hapohapo."

Akachomoa.

Aliziwasha upya zile kompyuta. Ya kwanza ikaja na anwani ya kumi, ya pili ikafuata, zote kutoka kwenye seva yake. Nyamizi alizitazama na moyo ukamtulia tuli, jambo lililomshangaza, maana alikuwa amefeli.

Marcel naye aliziona. Akashusha sauti. "Sikiliza. Rudisha huo waya, andika kwa mkono, mimi sijaona kitu."

"Siurudishi."

"Unajua unachopoteza?"

"Kuliko wewe."

Marcel alivuta fomu, akaandika 'Ameshindwa', akapiga mstari chini yake.

"Kuna nafasi ya sababu hapo," akasema Nyamizi. "Ijaze. Andika kwamba mtandao ulikuwa na kasoro nikaiondoa. Andika na wale wawili walifaulu vipi kasoro ikiwepo. Ukimaliza nitasaini kwa mkono wangu."

Marcel aliiweka kalamu mezani. Kwa vile fomu ya anayeshindwa husainiwa pia na mwenye kituo, Marcel alimwita Herman. Herman aliingia, akaona ule waya sakafuni, na shati lote lile la pasi likamlegea mwilini. Angeweza kunyamaza. Watahiniwa sita kati ya saba wangefaulu, na kituo chake kingejisifu mwaka mzima.

"Huo nilikuwa nimeutoa asubuhi," alisema taratibu. "Baada ya mvua nimechomeka kila nilichokikuta kinaning'inia. Kosa ni langu. Yeye ndiye aliyeliona, mimi mwalimu wake sikuliona."

Basi matokeo ya Mwigulu na Loveness yakafutwa, kabati likaanza upya, na wote watatu wakarudia, waya wa nne ukiwa umeviringishwa mezani. Nyamizi alipata themanini na moja. Loveness akapita kwa sitini, akamwambia wabeja, yaani asante, kwa kichwa tu, kwa aibu. Mwigulu alifeli, hakujua hata huduma ya kugawa anwani inawashwa wapi.

"Umeniponza, mayu," alimwambia barazani, macho mekundu. "Mimi nilikuwa nimeshafaulu!"

"Ulikuwa umeshatiwa tiki tu," akasema Nyamizi. "Hapa zipo kompyuta mbili, ukaziandika kwa mkono. Kule kambini zipo mia mbili, na nyingine zinaongea na watu walio chini ya ardhi. Siku zikigoma utamnong'oneza nani?"

Mwigulu alimnunia. Mpaka leo wakipishana stendi hamwamkii, na Nyamizi hapotezi usingizi kwa hilo.

Tarehe mosi Aprili alifika kambini mapema. Deusdedit alikuwa ameshasimama mlangoni pa chumba cha seva, mkono umenyooshwa. Nyamizi alimpa karatasi yenye muhuri. Deusdedit aliisoma, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Nimesikia umefaulu kwa kugombana na mtahini," akasema.

"Kweli kabisa. Na kama ningeshindwa, leo ningegombana na wewe," akajibu Nyamizi, akitoa ufunguo mfukoni. "Sogea nifungue."