Viatu Ngazini

Juzi nilipita karibu na lile kanisa la mawe lililojengwa na Wazungu. Niliona ndara mbili ngazini, roho ikaniuma.

Siku ile ya utotoni mwangu mji ulinuka matairi yaliyochomwa, na macho yaliwasha kwa moshi wa askari. Vijana waliokuwa wakidai mageuzi walikimbilia humo, padri akawafungia mlango mkubwa. Mama alinituma niwapelekee birika la maji kwa mlango wa nyuma. Niliwakuta wamejilaza chini ya viti, wamevua viatu. Leo najua walivivua ili vishindo vyao visisikike nje. Mimi, mtoto wa madrasa, nilidhani wameiheshimu nyumba ya ibada, ila wamesahau kuviacha mlangoni. Nikavibeba vyote, nikavipanga ngazini kama tufanyavyo msikitini.

Askari akapita, akasimama. "Viatu vya nani hivi, mwanangu?"

"Vya wageni wa padri," nikajibu kwa fahari.

Walitolewa pekupeku. Kaka Athumani, jirani yetu, alipopita mbele yangu alinitazama kwa huruma. "Ahsante kwa maji, mdogo wangu," aliniambia.

Hakurudi. Ndara zake zilibaki pale ngazini, nilivyozipanga.