Tappa Alipopita na Tano Mkononi

Egbert Lindo alisukuma mkokoteni miaka ishirini na mbili pale Kingston, magharibi ya mji, mkokoteni wenye usukani wa gari bovu na kengele ya baiskeli. Kila Jumamosi mchana alicheza domino kwenye duka la ramu la Bi Birdie, na mwenzake mezani alikuwa Tappa Grant. Walikaa dawati moja shuleni, wakachapwa fimbo moja kwa kuiba miwa. Ukubwani Tappa akawa mtu wa Bigga, yule aliyeushika mtaa kwa bunduki. Egbert akabaki na viazi vikuu vyake vya kuuza. Mezani hayo hayakuguswa.

Jumamosi ile, katika mwaka wa uchaguzi, walikuwa wanafungwa vibaya.

"Tano bila!" Uriah fundi viatu alibamiza kete hadi glasi zikaruka. "Bado moja iwe sita bila, tuwavalishe magauni! Bi Birdie, tafuta magauni mawili, moja pana!"

"Pana la mama yako," Egbert akajibu, jasho likimtoka.

Saa kumi kasoro robo. Kwa kawaida muda huo huwa ameshaondoka kumpokea mdogo wake Lascelles kituo cha basi. Lascelles alifanya kazi shamba la miwa na kurudi Jumamosi. Egbert ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Lakini nani anainuka mezani tano bila? Angechekwa mpaka Krismasi. Lascelles ana miguu, atakuja mwenyewe.

Wakacheza ya sita.

"Napita," alisema Tappa, kwamba hana kete ya tano ya kuweka. Baadaye tena, "Napita."

Egbert akamwamini, akapanga mchezo wake wote juu ya neno hilo. Uriah akamaliza. Sita bila. Duka zima likapiga kelele. Kete zilizobaki zikafunuliwa, na mbele ya Tappa zikalala kete mbili za tano.

Egbert hakuzisikia kelele tena. Kupita huku unayo kete! Tappa aliweza kumwibia mtu mkufu shingoni, lakini mezani hajawahi kumdanganya mwenzake.

"Umenifungisha kusudi."

"Kaa, Egi. Tuanze upya."

"Kwa nini nikae?"

Tappa akatazama saa ya ukutani. "Nimekuombea kwa Bigga uachwe. Ni wewe tu niliyekubaliwa."

Hapo Egbert akaelewa. Mwezi uliopita Lascelles alikataa kumfichia Bigga bunduki, tena alikataa mbele za watu. Leo walikuwa wanamngoja, na Tappa alikuwa akimshikilia Egbert mezani asiwe naye.

Akasimama. Tappa alikuwa na bastola kiunoni, na miguu yake imeziba mlango. Wakatazamana. Kisha Tappa akaikunja miguu taratibu, kama mtu anayempisha mwanamke kanisani.

"Njia kubwa wapo," alisema chini chini. "Zungukia nyuma ya kiwanda cha barafu. Kimbia, ndugu yangu."

Egbert alikimbia na mkokoteni wake, akamkuta Lascelles anashuka basi. Akamlaza kwenye mkokoteni, akamfunika magunia na viazi juu, akasukuma akipiga kengele kama kawaida hadi nje ya mtaa. Lascelles akaenda kwa shangazi yao, huko wilaya ya Mtakatifu Elizabeti, na yuko hai mpaka leo.

Jumanne Tappa aliokotwa mtaroni.

Baada ya matanga ya siku tisa, mama yake, Bi Hortense, alimwita Egbert kugeuza chumba cha marehemu, maana roho ikikuta vitu kama ilivyoviacha, haiondoki. Egbert aligeuza kitanda, akahamisha kabati, akakipeleka kioo ukuta mwingine.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema bibi yule, akifuta macho. "Sasa hatapajua."

Kutoka hapo Egbert alikwenda moja kwa moja kwa Bi Birdie. Uriah alikuwa ameshakivuta kigoda cha Tappa ili akae mtu mwingine. Egbert akamnyang'anya, akakirudisha pale pale kilipokuwa, kando ya mlango.

"Hiki," alisema, "asikisogeze mtu."

Akaketi kukielekea kigoda kile kitupu, akaanza kuchanganya kete.