Kila Mteja na Kikombe Chake

Mwanangu, hebu weka chini hicho kikopo cha kinywaji cha kufukuza usingizi, unisikilize. Nakumbuka mchana mmoja, siku ya kwanza ya Ramadhani, nimelala chali sakafuni dukani kwangu hapa Kariakoo, namuusia mama yako kama mtu anayekata roho.

Enzi zile mteja wa vitenge hanunui akaondoka. Anakaribishwa, anamiminiwa kahawa chungu, na mwenye duka anakunywa naye; kumwacha anywe peke yake ni aibu. Basi kila mteja, kikombe. Na wateja, alhamdulillahi, walikuwa hawakatiki! Miaka ikaenda. Usiku macho makavu, mchana mikono inatetemeka, na hasira usiseme. Mtu akikohoa tu, nimeshawaka. Nami najiona mchapakazi.

Siku ile nimefunga, kahawa hakuna. Adhuhuri kichwa kikaanza kupasuka. Marehemu baba aliondoka kwa maradhi ya kichwa, nikajua zamu yangu imefika. Nikamwambia mama yako, na mimba yako tumboni: "Nikifa, duka ni lako. Usimwachie mtu." Maskini, akalia, akaita teksi, akanipeleka kwa daktari Upanga.

Daktari akanipima weee, mwisho akauliza, "Kahawa unakunywa?"

"Kidogo tu. Na wateja."

"Wateja wote?"

"Wote."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Huna ugonjwa wa kufa, bwana. Ubongo ukizoea kahawa miaka yote, ukiunyima ghafla unagoma. Siku chache utatulia."

Nililia palepale kwa furaha, sioni haya kukwambia. Mama yako akamshukuru Mungu, kisha akanigeukia: "Duka umeshanipa. Sirudishi." Na hajarudisha mpaka leo!

Kichwa kikatulia kweli, usingizi ukarudi. Ulipozaliwa nikakupokea, mikono imetulia tuli.

Sikukatazi, mwanangu. Mimi mwenyewe nakunywa kikombe kimoja asubuhi. Lakini wewe hulali, mkeo hasemeshani nawe, na juzi nimeona funguo zinakutetemeka mkononi. Usikate ghafla kama mimi, punguza kidogo kidogo, na jioni usiguse kabisa. Mwili ukichoka, ulaze. Na kichwa kikikusumbua, nenda hospitali, usijitabirie kifo kama mimi baba yako.

Mkeo anakaribia kujifungua. Mungu akurudishie usingizi wako, akujalie umpokee mwanao kwa mikono iliyotulia, kama nilivyokupokea wewe. Amina. Haya, lete hicho kikopo nikakimwage.