Upepo uliobomoa mtaa wetu wa bia hapa Baraka, na namna muziki ulivyorudi kwa Mama Furaha

Wakuu, salamu kutoka Baraka, huku Fizi, Kivu ya Kusini. Kiswahili changu ni cha Kongo, mtanivumilia. Ninayoandika niliyaona mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mpiga gitaa. Kabla ya ule upepo nilikuwa napiga kwenye nganda moja kando ya ziwa. Nganda kwetu ni bar, meza ziko nje, samaki wanachomwa mlangoni. Zilikuwa mstari mzima mchangani. Ukipita katikati unasikia nyimbo tatu kwa pamoja.

Msimu wetu ulikuwa mwezi mpevu. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, wanavua kwa taa, na mwezi ukijaa taa hazina kazi. Basi wanabaki nchi kavu na kiu yao. Hata watu wa Ubwari, ile rasi ya ng'ambo, walikuwa wanavuka na mitumbwi kuja kucheza tu.

Nganda yetu ilikuwa ya Papa Etabo na mke wake, Mama Furaha. Mume na muziki, mke na samaki.

Ziwa lilikuwa limeshapanda miezi mingi, maji yanafika kwenye miguu ya meza, na sisi tumeshazoea. Halafu upepo ukaja mchana mmoja kutoka upande wa Ubwari. Nililala nyuma ya gari bovu, mabati yanapita juu yangu.

Papa Etabo alikuwa ametoka salama pamoja na sisi. Akarudi ndani kuzima groupe, yaani jenereta, maji yasije yakakutana na umeme. Ukuta wa upande wa ziwa ukamwangukia.

Tulimtoa kwa mikono. Alikuwa amekwisha.

Hapo sitaongeza neno.

Mtaa ukafa, wakuu. Maji yalikaa ndani ya nganda muda mrefu, bata wanaogelea pale tulipokuwa tunacheza. Makanisani wengine walisema ni Mungu amesafisha. Mimi nikaendesha pikipiki ya mtu, gitaa likakaa juu ya kabati.

Maji yaliporudi nyuma, watu wakaanza kujenga. Huyu turubai, yule mabati ya zamani yaliyonyooshwa kwa nyundo. Mama Furaha naye akaleta matofali.

Ndipo shemeji yake akasimama. Ni mdogo wa marehemu, shemasi kanisani, anaitwa Wilondja. Akaita lubunga, kile kikao cha ukoo kwa sisi Wabembe. Niliitwa kama shahidi wa kifo, kwa hiyo nilisikia yote.

Shemasi alisema: "Damu ya ndugu yangu iko pale chini. Munataka kuuzisha pombe juu yake?"

Mama Furaha hakupandisha sauti. "Batoto bake bako bazima, shemeji, na bako na njaa. Nitabalisha nini?"

Mwisho wazee wakaamua: afungue, auze, lakini muziki hapana mpaka kilio kiondolewe, yaani matanga yamalizwe rasmi.

Akafungua. Mimi nilijua atakosa watu, maana majirani walikuwa wamesharudisha baffle zao, yaani spika, na wanapiga kwa nguvu. Nilikosea. Kwake watu walijaa. Motards wa pikipiki, wavuvi, Warundi waliokimbilia huku wakitoka shambani. Wanakula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, wanatazama maji, wanaongea polepole. Nadhani kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya ule upepo au ndani ya vita. Hiyo ni dhana yangu tu.

Na kwa sababu ya usalama, siku hizi tunafunga mapema. Starehe ya usiku ya Baraka inaanza mchana. Mnaweza kucheka, sisi tumeshacheka.

Kilio kikaondolewa. Nikashusha gitaa, nikaenda kwa Mama Furaha. Akanikatalia.

"Acha tu, baba. Nimezoea hivi."

Nikaelewa. Nikarudi kwenye pikipiki.

Wiki zikapita. Jioni moja jua bado liko juu ya milima, nimekaa pale nakula, akaingia Shemasi Wilondja na koti lake la kanisa. Nikajua lubunga inarudi.

Akaagiza Fanta. Akakaa. Akaangalia meza zote.

"Mama Furaha," akasema, "hapa iko sawa na hospitali. Ndugu yangu hakupendaka kimya. Hata tukiwa batoto, nikitaka kulala alikuwa ananiimbia kwa masikio nisilale."

Akacheka kidogo, halafu akajifuta uso na mkono wa koti.

"Mwambie huyu kijana apige."

Mama Furaha aliniangalia, akatikisa kichwa kukubali. Nikaenda kuleta gitaa. Nilipiga peke yangu, bila baffle, vidole vizito. Hakuna aliyeinuka kucheza. Shemasi alikaa na Fanta yake mpaka mwisho. Mama alikuwa ametupa mgongo, anageuza samaki jikoni kwake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kama alikuwa analia au anacheza, sijui. Sikuuliza.

Sasa tunapiga kila mwezi ukijaa. Nganda nyingine zimerudi, nyingine ni nguzo tu.

Nilichojifunza: mabati yanarudi haraka, furaha inasubiri ruhusa ya wenye msiba. Na anayekukataza mara nyingine analia kuliko wewe.

Waliopitia mafuriko au msiba wa namna hii, kwenu nani aliwaruhusu kucheka tena? Andikeni hapa chini, nitasoma nikipata réseau, yaani mtandao.