Toka!

Kocha wa timu ya chuo alikuwa na maneno matatu tu uwanjani: "Panda", "Rudi" na "Toka". Hilo la mwisho lilikuwa la mabeki: tokeni nyuma, sogeeni mbele, washambuliaji wa wapinzani wabaki wameotea. Asubuhi alifundisha ufundi umeme kwenye karakana, jioni mpira, na kelele zake zilifika mpaka maktaba. Mkutubi alishachoka kulalamika.

Kipa wake wa akiba alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Miaka mitatu kijana amesugua benchi, mpaka wenzake wakambandika jina la Mbao. Kudaka anajua, tena sana! Ila Kocha aliogopa midomo ya watu: wangesema timu ameigeuza ya ukoo. Dada mtu hakutaka kuyasikia hayo.

"Kaka, mwanangu anamaliza chuo. Hata mechi moja? Au mpaka nije nipige magoti?"

"Mpira hauna undugu, dada."

"Haya. Na chakula changu nacho hakina undugu, usije kula kwangu."

Mechi ya mwisho ya mwaka ikaangukia siku ambayo kipa namba moja alikuwa na mtihani wa marudio. Kocha akageuka kushoto, akageuka kulia, hana pa kukimbilia. "Vaa glavu," akamwambia Mbao.

Jamani, kijana alidaka! Kipindi cha kwanza aliokoa mipira miwili ya wazi, mmoja kwa ncha za vidole. Kocha alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya anaangalia saa.

Wakati wa mapumziko kipa namba moja akafika, anahema, mtihani umekwisha. Akaketi benchi, akaanza kufunga kamba za viatu. Mbao akamwona, akarudi golini.

Dakika kumi baadaye timu ya Kocha ikapata kona upande wa pili. Mabeki wawili waliobaki nyuma walikuwa wamezubaa karibu na boksi lao.

"Toka!" Kocha akapaza sauti, mkono unapunga. "Nimesema toka!"

Mabeki wakasogea. Na Mbao naye akatoka. Alivua glavu, moja baada ya nyingine, akaanza kutembea kuelekea benchi, kichwa ameinamisha. Loo! Wapinzani wakaunasa mpira, mmoja akaona goli halina mwenyewe, akaupiga kutoka katikati ya uwanja. Ukadunda mara mbili, ukaingia bila haraka yoyote.

Watazamaji wakavunjika mbavu. Kocha akamkimbilia mpwa wake pembeni mwa uwanja, hasira zimempanda mpaka utosini. "Wewe! Unakwenda wapi?"

"Umesema toka, Kocha."

"Nawaambia mabeki! Miaka mitatu unanisikia, neno hilo hulijui?"

"Nalijua." Kijana akamnyooshea glavu. "Ila nilishamwona mwenye namba amekuja. Nikajua ndiyo basi tena. Asante kwa dakika ulizonipa."

Aliyasema kwa adabu, bila kejeli hata chembe, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Kocha. Kumbe tangu mapumziko mtoto wa watu alikuwa anangoja kufukuzwa! Aibu ikamshika palepale, aibu ya mtu mzima, asijue aufiche wapi uso.

Kipa namba moja alikuwa ameshasimama anaruka ruka kupasha mwili. "Niingie, Kocha?"

"Kaa chini."

Akamvalisha mpwa wake zile glavu kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza mikanda. "Rudi golini. Leo hakuna wa kukutoa, hata tufungwe kumi."

Hawakufungwa kumi. Walifungwa hilo hilo moja, na mechi ikaisha hivyo. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo mabeki walishaanza utani, wanamuuliza Mbao mbona hakutembea mpaka nyumbani kwao. Kocha akaingia, akasimama mlangoni, na utani ukakatika.

"Goli lile nimefungwa mimi," alisema. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Miaka mitatu nimemweka nje kwa woga wangu wa maneno ya watu, na uwezo wake nilikuwa nauona. Nisamehe, mwanangu."

Mbao akafungua mdomo ajibu, kilio kikamtangulia.