Vidole Vyangu Kwenye Mkono wa Mkamwana

Majina ya wote waliokaa kwenye kikao kile ninayo, hata la yule aliyechelewa akakaa mlangoni. Sitayataja. Aibu ni yangu, si yao.

Kwetu Talatala mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Siku hizi wengi wameiacha mila hiyo, lakini mume wangu ni mtu wa zamani, na mke wa kitinda mimba wangu alikuwa binti wa adabu. Akisikia tu fimbo ya mzee inagonga chini, anajitanda khanga toka kichwani mpaka kwenye nyayo, anapotelea kwenye migomba. Na mzee, tangu aumie goti, anashinda nyumbani. Basi binti naye akawa anashinda amejifunika, mwaka wa tatu huo, mimi namsifu kwa majirani.

Siku moja tunapiga mpunga shambani, wanawake watupu, jua likamzidi. Akavua khanga ya juu, akakunja nguo hadi magotini. Nilishika mdomo. Miguu ile! Mikono ile! Madoa ya zambarau, mengine mekundu, mengine yameshageuka manjano.

"Gwe mwana, nani kakufanya hivi?"

"Hakuna, mama. Mwanao hajanigusa. Mwili wangu ndivyo ulivyo."

"Mwili unajipiga wenyewe?"

Jirani yangu akadakia huku anapepeta, "Mwanao ana mkono mwepesi, bibi. Kamrithi nani?" Wakacheka.

Kila mwanamke anayepigwa husema hajaguswa. Na mimi enzi zangu nilisema. Jioni ile ile nikawaita ndugu za mume wangu. Wote ni baba wakwe kwa yule binti, kwa hiyo hakuweza kuja mbele yao, wala wao kumwangalia. Walichokuwa nacho ni maneno yangu tu.

"Sijamgusa," mwanangu akasema. "Muulizeni mwenyewe."

"Tumuulizeje?" baba yake mdogo akamkatiza. "Tuvunje mila ili wewe usafike?"

"Basi mama amuulize."

"Nimeshamuuliza," nikasema. Alichonijibu sikukisema.

Wakamwamuru atoke, asikanyage uwanja ule mpaka wazazi wa binti waje kumchukua mtoto wao. Akabeba begi, akaenda Lyulilo, soko la ufukweni kule anakonunua vyungu vya kuuza mjini. Hakuniaga.

Asubuhi mkamwana naye akafunga mzigo amfuate mumewe. Nikamshika mkono, hapa juu ya kiwiko. "Hutoki!" Nilimshika tu, kama unavyomzuia mtoto asikanyage moto.

Kesho yake nikampelekea uji. Mkono ulikuwa wazi. Alama nne zimejipanga, nyeusi tititi, na ya tano upande wa nyuma. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vilikaa sawasawa, kila kimoja na mahali pake.

Bakuli lilidondoka. Yowe nililopiga lilimtoa mzee chumbani, fimbo kaiacha, na yule binti hakuwahi kujifunika. Wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza tangu aolewe. Mzee akautazama mkono, akanitazama mimi.

"Mpeleke hospitali," akasema. "Leo."

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Akapima damu, akavuta ngozi ya mkono wa binti taratibu, ikavutika kama kitambaa.

"Damu yake inaganda vizuri, bibi. Kasoro iko kwenye mishipa inayoibeba. Kuta zake ni dhaifu, ikibonyezwa kidogo inavujia chini ya ngozi. Wengine huupata ugonjwa huu uzeeni, wengine kwa dawa walizomeza muda mrefu, au kwa kukosa matunda na mboga. Huyu nadhani kazaliwa nao. Tutampeleka Mbeya wamwangalie zaidi, na asije akabeba mimba kabla hawajamwona." Akamgeukia. "Kwenu yupo mwingine wa hivi?"

Binti akaivuta khanga, akaufunika mkono. Kwao ni ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi.

"Mama yangu," akasema. "Alikuwa na madoa haya haya. Wajomba wakasema baba anampiga, wakamfukuza. Nilikuwa mdogo. Sijui hata kama baba yu hai."

Daktari aliweka kalamu chini. Mimi nikainuka.

Sikupitia nyumbani. Nilimwacha kwenye benchi anasubiri karatasi za Mbeya, nikapanda bodaboda mpaka Lyulilo. Nilimkuta mwanangu anafunga vyungu kwa majani makavu, katikati ya wanawake wanaouza. Nikamweleza yote mbele yao.

"Kikaoni ulinisikia?" akauliza, haniangalii.

"Nilikusikia, baba."

"Na yeye ulipomuuliza, alikujibu nini?"

"Kwamba hujamgusa."

"Hukusema."

"Sikusema."

Wale wanawake waliacha kugombea bei.

"Yuko wapi?"

"Hospitali. Kwenye benchi la nje."

Akavibwaga vyungu, akapanda pikipiki ile ile iliyonileta, wakaondoka. Nikabaki kwenye mchanga. Mwanamke mmoja akanisogezea kigoda, akisema, "Kaa, mama." Nikamshukuru, ndaga, lakini kukaa sikuweza.