Siku Niliyombeba Mama Mkwe Mgongoni

Haya jamani, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: mimi ndiye niliyekimbiza kijiji kizima cha wakwe zangu kwa ajili ya wadudu. Wadudu, ndiyo, tena wale wadogo wanaochimba vishimo vya duara kwenye mchanga mkavu, wakajifukia chini kungoja sisimizi ateleze aingie.

Enzi zile za Mjerumani, miaka michache baada ya vita vya Maji Maji, niliajiriwa mjini Morogoro na Mzungu mmoja mpiga picha, kazi yangu kumbebea mashine yake ya picha na ile miguu mitatu ya kuisimamishia. Siku moja akasema anawataka wadudu hao pale pale wanapoishi, si kwenye kopo. Nami (kiherehere changu!) nikamwambia wamejaa chini ya upenu wa wakwe zangu, kule juu Matombo. Ukweli ni kwamba mke wangu, Mwanahawa, alikuwa amerudi kwao kwa ugomvi wetu, miezi mitatu sasa, na nilikuwa natafuta njia ya kwenda kumwomba radhi. Tena nilitaka anione ghafla, nimevaa kaki za yule bwana, kofia na yote, basi sikutuma mtu mbele kupeleka habari.

Tulipotokeza kwenye migomba, mimi mbele na ile miguu mitatu begani, mtu akapiga kelele, "Askari! Wameleta bombomu!" Ile bunduki kubwa iliyomaliza watu vitani, ndiyo waliyodhani nimebeba. Nikapaza sauti, "Ni mimi, mkwe wenu!" lakini nani amsikilize mtu wa kaki? Watu, mbuzi, watoto, wote bondeni, na Mwanahawa nikamwona mgongo tu.

Yule bwana wala hakushtuka. Aliviona vishimo, akalala kifudifudi chini ya upenu, akaanza kupanga mashine yake.

Nikateremka bondeni nikiwaita watu kwa majina, ndipo nikasikia mtu anagumia kwenye mawe ya kijito. Mama mkwe. Ameanguka, nyonga imevunjika.

"Shikamoo, mama," nikasema, uso nimeuinamisha (ningesema nini kingine?).

Hakuitikia. "Ondoka. Bora nife hapa kuliko mkwe kunibeba."

Na kweli, kwetu mtu hata sahani moja hali na mama mkwe wake, seuze kumtia mgongoni. Nikaita, hakuna aliyejitokeza. Nikambeba. Njia nzima alilia, uso kaufunika kwa ncha ya kaniki, nguo inamvuka nami siwezi kugeuka wala kuiweka sawa, na watu waliokuwa wanarudi mmoja mmoja wamesimama pembeni wanatutazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tulipoingia uani, yule bwana akasema bila kuinua kichwa, "Polepole! Vumbi! Wadudu watajificha."

Mwanahawa akampokea mama yake, wakamlaza mkekani. Kisha akanigeukia. "Ulikuja kufanya nini hapa?"

Nikafungua mdomo niombe radhi, na kilichotoka, mbele ya watu wote wale, ni, "Kupiga picha wadudu."

Akaingia ndani.

Mama mkwe hakusimama tena kwa miguu yake mpaka alipofariki, na mimi sikurudishiwa mke. Siku hizi nikikaribia mji wa mtu naanza kupiga hodi tangu mashambani, mpaka sauti inakauka, na vijana wanasema mzee huyu kachanganyikiwa. Nawaacha waseme. Napiga hodi, nasimama pale pale, nangoja mtu atoke anitazame usoni.